Magazini ya Mugiriki ku Kasenga: iko ya nani?

Mu vitabu vidogo vya namna hii tumezoea kusoma juu ya mambo ambayo kila mtu anakubali kwamba ni desturi: ndoa, kilio, majina ya wafalme, ngoma, mizimu ya mito, namna ya kumpa mtoto jina la babu. Hakuna anayeuliza kwa nini yameandikwa. Leo tunaleta jambo ambalo wengine watalikataa tangu mustari wa kwanza. Tunataka kusema juu ya magazini, ni kusema nyumba ya biashara. Tena si ya mtu wetu. Ni zile nyumba za matofali ambazo Wagiriki walijenga ku Kasenga, kando ya Luapula, wakati samaki ya mto na ya ziwa Mweru ilipokuwa inalisha Elisabethville.

"Sasa ile inaingia wapi mu desturi?" Swali hili tumelisikia kwa wazee na kwa walimu wenzetu pia. Na mara nyingi linafuatwa na neno lingine, lenye kukata maneno: "Ile iko nyumba ya Mugiriki. Mwenyewe alishaenda." Maana yake: mwenyewe alikwenda, basi nyumba imebaki bila mtu, na kitu bila mtu unaweza kukiondoa manjanja leo, milango kesho, matofali keshokutwa. Sisi hatukubali. Tutajaribu kuonyesha kwamba nyumba hizi ni urithi wetu, tena si kwa sababu zile zinazosemwa kwa kawaida.

Tuanze na neno desturi lenyewe. Mu Katanga hii, ukiondoa biashara, hadisi zetu nyingi za ufalme zitaanguka. Kalasa, baba yake Msiri, alitoka Unyamwezi kwa kutafuta mukuba. Mtoto wake alifuata njia ileile ya biashara kabla ya kuwa Mwami wa Bunkeya, na pale Bunkeya watu waliuzisha mukuba, pembe, chumvi na hata watu wenzao, mpaka Msiri alipouawa mu Desemba 1891. Kwa upande wa Luapula, jina la Mwata Kazembe lilifika mbali sana kwa sababu ya biashara: mu 1798 Mureno Lacerda alisafiri toka Tete mpaka kwake akitafuta njia ya kuvuka bara, akafia huko. Ile misalaba ya mukuba ambayo ilichorwa hata mu bendera ya Katanga ya 1960, ilikuwa feza. Watu walilipa nayo. Basi hatuna aibu ya kuchukua kitu cha soko na kukiita desturi, kama kimeshakuwa cha zamani kabisa. Kinachotusumbua ni soko la juzi, soko la babu zetu wa karibu, lenye karani, mizani na kamyo.

Kasenga iko zaidi ya kilometa 200 toka Lubumbashi, ku mpaka na Zambia. Mpaka huo uliwekwa mu mapatano ya 1894 kati ya Waingereza na mfalme Léopold. Mto ukawa mustari wa karata, lakini watu wa ng'ambo mbili walibaki ndugu: wanaoana, wanazikana, na wanasikilizana bila mtafsiri. Elisabethville ilizaliwa 1910, mwaka ambao reli ya Rhodesia ilifika. Union Minière, iliyoundwa 1906, ilihitaji mikono, na mikono ilihitaji posho. Mwisho wa miaka ya 1920 kampani ilibadilisha mpango wake: badala ya kuchukua wanaume kwa muda mfupi na kuwarudisha, ikaanza kuwakalisha mu makambi pamoja na bibi na watoto. Midomo ikaongezeka. Unga ulitoka sehemu nyingi. Samaki ilitoka kwetu.

Hapo njo Wagiriki waliingia. Tusiwaone kama wakubwa wa koloni. Wabeleji wengi waliwatazama kama wazungu wa daraja la pili, watu wa duka ambao waliishi karibu mno na watu weusi. Walinunua samaki kwa wavuvi wa ng'ambo zote mbili, waliileta Kasenga kwa mashua za motere, waliifunika na barafu, na kamyo zikaikimbiza mjini kabla haijaoza. Mwanahistoria David Gordon alieleza kazi hii kwa urefu mu kitabu chake Nachituti's Gift, kilichotoka 2006, na tunashauri kila mwalimu wa historia wa Katanga akitafute, hata kama Kiingereza ni kigumu. Tutarudi kwa huyo Nachituti, sababu bila yeye hatuwezi kujibu swali la kichwa chetu.

Sasa tuiangalie nyumba yenyewe, kama vile mtu anavyochambua wimbo ao sanamu. Anayepita mbio hataona kitu. Haina mnara, haina nakshi, haina tarehe iliyochongwa juu ya mlango. Ukitoka Lubumbashi, ambako umeona kanisa kubwa la Petro na Paulo na jengo la teatre la miaka ya 1950, magazini ya Kasenga itakuwa kwako kama sanduku lenye kofia ya manjanja. Tukubali hivyo: si nyumba nzuri. Wanaotaka kuiokoa kwa kusema iko nzuri wanapoteza neno lao mapema, kwani mukubwa yeyote akija kuitazama atasema, "Ndiyo hii?"

Lakini tazama mpango wake. Mpango huu si wa Kasenga peke. Utaukuta mu miji midogo mingi ya Kongo, popote Mugiriki, Mureno ao Muhindi alipofungua duka. Kuta za matofali ya kuchoma, nene kuliko zile tunazojenga leo. Mbele, barza ndefu, iliyoinuliwa juu ya vumbi na maji ya mvua kwa ngazi mbili tatu. Mlango mpana wa mbao. Ndani, meza ndefu ya kuuzishia, inayokata chumba toka ukuta mpaka ukuta. Nyuma ya meza, depo. Kando ya depo, vyumba ambamo mwenye duka alilala na jamaa yake. Na nyuma ya yote, lupango ambamo kamyo iliingia na kupakia bila watu wa njia kuona ni nini kinachopakiwa.

Kila sehemu inasema jambo. Barza, kwa maoni yetu, ndiyo sehemu bora ya nyumba, na ndiyo wanayoiharibu wa kwanza. Ndugu zetu wa pwani wanaita baraza benchi ya mawe mbele ya nyumba, na pia mkutano wa wazee. Neno limesafiri pamoja na misafara mpaka kwetu, hata Wafaransa wa Kongo wakasema barza, na maana yake ikawa ile nafasi yenye kivuli chini ya paa. Kwa sheria ilikuwa ya mwenye duka. Kwa matumizi ilikuwa ya mji. Mvuvi aliyefika usiku alilala hapo. Mama aliyengoja kamyo alikaa hapo na mtoto. Sharti la kununua halikuwa. Mu mji mdogo bila nyumba ya mikutano, bila uwanja wenye miti, barza ya magazini ilifanya kazi ya insaka, na tunajua wazee wengi ambao walisikia kuhusu uhuru wa 1960 wakiwa wamekaa juu ya simenti ile ile.

Meza ndefu ni jambo lingine. Ni mpaka, mkali kuliko Luapula. Upande mmoja alisimama anayepima, upande mwingine anayepimwa. Samaki ilipita juu ya mizani, na bei haikutoka kwa mvuvi. Mvuvi alihitaji uzi, nyavu, chumvi, kitenge kwa ajili ya bibi, na vyote vilikuwa nyuma ya meza ileile ambako alileta samaki. Wazee wanatuambia: "Ulikuwa unaingia na samaki, unatoka na deni." Wengine wanacheka wanaposema hivyo, wengine hawacheki. Usijaribu kueleza wanafunzi maana ya uchumi wa koloni kwa maneno ya kitabu tu. Waingize mu chumba kile, wasimamishe watano upande huu na mmoja upande ule, na somo limeisha.

Lakini nyuma ya meza hakuwa Mugiriki peke. Hapa tunawaomba wasomaji wasimame kidogo. Karani alikuwa mtu wetu. Kapita wa mizani alikuwa mtu wetu, dereva pia na boyi wa kamyo. Karani alijua kusoma, alisema Kiswahili na mwenye duka, Kibemba na wavuvi, Kifaransa na mukubwa wa teritware. Aliandika buku ya madeni. Alijua nani amekufa na deni na nani amekimbilia ng'ambo. Tunaposema "nyumba ya Mugiriki" tunamfuta huyu karani kwa neno moja. Na makarani hawa ndio waliokuwa baadaye wakubwa wa vyama, walimu, wenye maduka yao wenyewe. Kama tunatafuta mahali ambapo tabaka la watu waliosoma mu Kasenga lilianzia, tusitafute mu misioni tu. Tutafute pia nyuma ya meza hii.

Depo tulipite haraka: kuta nene, madirisha madogo ya juu, nafasi ya kutunza ubaridi na kuzuia wezi. Nyumba yote imejengwa kuzunguka depo, kama vile mwili kuzunguka tumbo.

Juu ya nini nyumba hizi zilikufa? Kwa kawaida jibu ni moja: Mobutu, 1973. Ni kweli lakini ni nusu. Tuseme kwanza juu ya samaki, kwani nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya namna fulani ya samaki. Wakati wa kwanza mfalme alikuwa mpumbu, samaki mkubwa wa mto ambaye alipanda kwa wingi wakati wa kutaga mayai, na wavuvi walimngoja na nyavu palepale. Mjini walimtaka, nyavu ziliongezeka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu alikuwa amekwisha. Wafanyabiashara waligeukia pale wa ziwani. Samaki hawa wakubwa, ukitaka wafike Elisabethville wakiwa wabichi, wanadai barafu, mashua yenye motere, kamyo, na mtu mwenye feza ya kungoja. Ni kusema wanadai magazini.

Kisha, mu miaka ya 1980, ikaja nguvu ya chisense. Wasomaji wa Luapula wanaijua: samaki kadogo kadogo, wanaivua usiku kwa taa, wanaitandaza juu ya mchanga, jua linafanya kazi, na jioni iko mu gunia. Haidai barafu wala depo. Haidai hata mizani, kwani inapimwa kwa kopo. Na wanaoiuzisha ni wamama wengi, ambao hawakupata hata siku moja kusimama nyuma ya ile meza ndefu. Wanapanda juu ya kamyo na magunia yao mpaka Lubumbashi. Kwa hiyo nyumba ya Mugiriki ilikuwa imeshaanza kupoteza kazi yake, hata kama ingebaki na mwenyewe. Tunasema hivi si kwa kumtetea mtu. Tunasema kwa sababu jengo la biashara halisomeki mpaka ujue bidhaa yake. Anayetaka kulinda kuta bila kujua samaki analinda ganda la yai.

Na sasa 1973. Tarehe 30 Novemba mwaka ule Rais alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa wana wa nchi. Wengi wa Wagiriki wa Katanga walikuwa wameshaanza kuondoka tangu fujo za 1960. Waliobaki walikabidhi funguo. Waliopokea waliitwa les acquéreurs, na neno hili mpaka leo mu midomo ya watu si sifa. Mu miaka ya 1975 na 1976 serikali ikarudi nyuma, ikaruhusu wenyewe wa zamani wachukue tena sehemu ya mali yao, lakini ku miji midogo nani alikuwa na moyo wa kurudi? Rafu zilikuwa tupu, kamyo zimesimama juu ya mawe. Tangu hapo nyumba nyingi zimepita mikono mitatu, minne: mtu aliyepewa, mtoto wake, ofisi fulani, mupangaji asiyelipa. Karatasi zimepotea ao ziko mbili kwa kiwanja kimoja. Na sheria ya mali ya Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Juu ya udongo huo nyumba inangoja.

Hapa njo tumwite Nachituti. Wasomaji wa Luapula wanaijua hadisi, wa mbali tuwaelezee kwa ufupi. Nkuba, mwenye ziwa, alimuua mtoto wa dada yake. Dada, Nachituti, akaenda kulia kwa Mwata Kazembe. Kazembe akamlipizia, akamuua Nkuba. Naye Nachituti, kwa shukrani, akampa Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji: inchi na mito yote. Mpaka leo, ukiuliza kwa nini fulani ana neno juu ya sehemu ya mto, watakuanzia na hadisi hiyo. Ona nguvu yake. Haisemi nani alivua wa kwanza wala nani alilipa. Inasema nani alilia, nani alisikia, nani alitoa. Haki ya maji mu inchi yetu inatunzwa na hadisi kabla ya kutunzwa na karatasi.

Basi jibu letu kwa swali "iko ya nani" ni hili. Magazini imebaki bila mwenyewe kwa sababu imebaki bila hadisi. Mto una hadisi, kaburi lina hadisi, hata mti wa njia panda unayo. Nyumba ambayo babu zetu walileta samaki yao kwa miaka mingi, ambamo makarani wetu waliandika majina yetu pamoja na madeni yetu, hiyo haina mtu anayeisimulia ila kwa neno moja, Mugiriki. Kwa kumwachia yeye nyumba tunamwachia pia miaka yetu iliyopita ndani yake. Hii ndiyo hasara tunayoiona, na ni kubwa kuliko matofali.

Kuna ndugu wanaosimulia, lakini wanasimulia vibaya. Ni wale wa "wakati wa Mugiriki". Wakati wa Mugiriki kulikuwa mwangaza, wakati wa Mugiriki samaki ilikuwa mingi, wakati wa Mugiriki njia ilikuwa njia. Tunawasikia sana, hasa mvua inaponyesha na kamyo inapolala siku tatu mu matope. Hatuwacheki, kwani njia mbaya ni kitu cha kweli. Lakini wanasahau kwamba samaki ilikwisha mu wakati uleule, na kwamba yeye aliyewasha mwangaza aliuwasha upande wa meza yake. Nyumba ikisimuliwa namna hii inakuwa sanamu ya kutuaibisha. Mu 2008 Georges Antippas alichapisha kitabu kikubwa juu ya Wagiriki wa Kongo ya Wabeleji, na mu kichwa cha kitabu akawaita mapainia wasiojulikana. Ni haki ya watoto wa watu kuandika juu ya baba zao, na ni vizuri walifanya hivyo. Sisi watoto wa karani na wa mvuvi tumeandika nini?

Kwa upande wa Serikali, sheria si kwamba haipo. Ordonnance-loi namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni inaruhusu kuorodhesha hata majengo, kama yana maana kwa historia, sanaa ao ufundi. Inchi yetu iliingia pia mu mapatano ya UNESCO juu ya urithi wa dunia mu 1974. Lakini tazama orodha: mahali petu patano palipoandikwa, Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi, ni mbuga na misitu, zote tano. Hata nyumba moja hamna. Mu 2021 rumba ya Kongo iliingia mu orodha ya mambo yasiyoshikika, na tulicheza kwa furaha. Kwa hiyo dunia inatujua kwa wanyama na kwa miziki. Kati ya sokwe na gitaa, hakuna mlango, hakuna meza, hakuna mtu anayefanya kazi.

Wengine watasema nyumba ya biashara haistahili, kwani biashara imechafuka. Tuwapeleke Bagamoyo, mji mdogo wa pwani ya Tanzania, ambako misafara ya Ujiji na ya Manyema ilimalizia safari. Pale jengo la kupumzikia misafara linatunzwa na kuonyeshwa kwa wageni, na mu 2006 Tanzania iliweka njia nzima ya pembe na watumwa mu orodha yake ya kungojea UNESCO. Biashara ile ilikuwa chafu kuliko samaki ya Kasenga mara elfu. Hakuna aliyesema: "Ile iko nyumba ya Mwarabu, mwenyewe alishaenda." Wameelewa kwamba waliobeba mizigo walikuwa watu wao, na watu wetu pia. Mapagazi wangapi wa Manyema walilala chini ya paa lile?

Turudi kwetu, sababu kazi ya kuharibu haingojei. Kuna namna mbili. Ya kwanza tumeshaisema, ni kuondoa: manjanja, mbao, matofali. Mtu anayeondoa manjanja ana nyumba yake inayovuja, hatuwezi kumhubiri sana. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inajiita kutengeneza. Wanatoboa ukuta wa mbele, wanafunga barza, na mahali pa duka moja wanapata vyumba vinne vidogo vyenye milango ya chuma, kila kimoja na mupangaji wake. Kivuli kinakwisha, na watu wanasimama mu jua. Kisha wanapaka simenti ngumu juu ya matofali ya zamani, wakidhani wanaimarisha. Matofali yale ni laini, yanapumua. Maji yanayopanda toka udongo yalikuwa yanatoka kupitia uso wao. Ukiwafunika na simenti, maji yanabaki ndani, na baada ya masika machache tofali linageuka unga nyuma ya simenti nzuri. Fundi mzee wa matofali atakuambia hivyo bila kusoma kitabu. Juu ya yote wanapaka rangi ya kampani ya telefone toka chini mpaka kwenye paa. Rangi hiyo haituudhi sana, itafifia. Barza iliyofungwa haifunguki tena.

Hatuombi muzeo. Muzeo mu Kasenga utakuwa chumba chenye kufuli na mlinzi asiyelipwa. Nyumba ya biashara inatunzwa kwa biashara. Wamama wa chisense wanahitaji mahali pakavu pa kuweka magunia wakati wa mvua, ili samaki isiote funza ikingoja kamyo. Depo ilijengwa kwa kazi hiyo hiyo. Wanahitaji kivuli cha kukaa na watoto. Barza iko. Wapewe wao, kwa bei ndogo na kwa sharti mbili tu: wasifunge barza, wasiondoe ile meza kama bado iko. Kama mtu ataona ni kichekesho, wauza chisense nyuma ya meza ya Mugiriki, sisi tunaona ni haki kidogo iliyochelewa.

Na kwa upande wa shule, kazi haidai feza nyingi. Wanafunzi wa mwaka wa tano wanajua kupima na kuchora; kwa kamba yenye mafundo ya meta na karatasi za mraba, nyumba moja inachorwa mu siku mbili. Wachore kuta, wahesabu nguzo, waandike upana wa milango. Kisha waende kwa wazee na maswali mafupi. Nani alikuwa karani hapa? Aliyepima samaki alikuwa mtoto wa nani? Dereva alilala wapi? Kilo moja ya pale ilikuwa bei gani, na chandarua cha nyavu bei gani? Lubumbashi walifanya kazi kama hii kwa wafanyakazi wa makambi mu mpango ulioitwa Mémoires de Lubumbashi, na wakakusanya maneno ambayo leo hakuna angeweza kuyapata tena. Wale waliokula samaki yetu wamesimulia. Waliotuma samaki bado.

Tuanze na wazee waliozaliwa kabla ya 1950, kwani hao ndio waliopanda ngazi za barza wakiwa watoto wakimbebea baba ndoo. Wamebaki wachache, na wengi wao wako ng'ambo, upande wa Zambia, kwa watoto wao. Kuvuka ni pirogi moja.